Herufi D kwenye sahani: uchambuzi wa kisa cha jipu la muundi lililorudi

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja ya rufaa mjini Kisumu. Mgonjwa alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mkata miwa katika ukanda wa sukari ulioko mashariki mwa mji. Umri kamili, kijiji na tarehe vimeondolewa. Naandika nikiwa mtu wa maabara, wala si tabibu aliyemtibu, na ni vizuri msomaji alijue hilo mapema, kwa kuwa kosa lililo katikati ya kisa hiki lilifanyika kwenye meza yangu.

Maabara inapoandika kwamba bakteria fulani anasikia dawa fulani, yaani dawa hiyo inamzuia, inaeleza kile ambacho bakteria huyo alikuwa akikifanya usiku ule kwenye sahani ya agari, ile rojo ya kuoteshea bakteria. Haielezi kila anachoweza kukifanya. Kati ya mambo hayo mawili kuna jeni zinazozimwa na kuwashwa, na miongoni mwa vitu vinavyoziwasha ni kiuavijasumu chenyewe kikiwa katika kiasi kidogo, kiasi kisichomwua bakteria wala kumzuia asizaliane. Wengi wetu tulifundishwa kuiona dozi ndogo kama dawa iliyoshindwa kufanya kazi, yaani kama maji tu. Mgonjwa huyu alituonyesha kwamba dozi ndogo hufanya kazi, ila si ile tuliyoitarajia.

Mfuatano wa matukio

Wiki nne hivi kabla ya kufika hospitalini, panga liliteleza likamkata kwenye muundi wa mguu wa kulia. Jeraha halikuwa kubwa. Alilifunga kwa kitambaa akaendelea na kazi, maana mkata miwa hulipwa kwa kadiri ya alichokata na siku ya kupumzika ni siku isiyo na malipo. Siku ya tano mguu ulipovimba alikwenda kwenye duka la dawa sokoni. Aliulizwa kama kuna dawa inayomdhuru, akajibu kwamba tangu utotoni hapatani na penisilini. Ndipo akauziwa tembe 10 za erithromaisini za miligramu 250. Alimeza moja asubuhi na moja jioni. Uvimbe ulipopungua aliacha, uliporudi alinunua nyingine 10, na aliendelea hivyo kwa muda wa wiki tatu hivi. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 250 hadi 500 kila baada ya saa 6, na kwa uvimbe kama wake tabibu angeelekea kwenye kile kiwango cha juu. Kwa hiyo, hata katika siku alizokumbuka kumeza zote mbili, alikuwa akipata robo ya alichokihitaji.

Alipofika kwetu alikuwa na homa na jipu lenye ukubwa wa yai la kuku. Afisa tabibu alilipasua, akalikamua na kuliosha, na usaha ukavutwa kwa bomba la sindano ukaletwa maabara. Picha ya eksirei haikuonyesha dalili yoyote kwenye mfupa. Katika faili, mahali pa historia ya dawa, paliandikwa maneno manne tu: "Ametumia dawa za dukani."

Chini ya darubini zilionekana koka za Gram chanya, yaani bakteria wa mviringo, zilizokaa katika vishada, na kesho yake kilichoota kilithibitishwa kuwa Staphylococcus aureus, yaani stafilokoka. Nilipanga sahani ya kupima unyeti kama kawaida, kwenye agari ya Mueller-Hinton, na kuiacha usiku kucha katika nyuzi 35. Asubuhi nilisoma maduara, yaani maeneo matupu ambamo bakteria hawakuota kuzunguka kila diski, kile kikaratasi kilicholoweshwa dawa. Sefoksitini ilikuwa na duara pana, maana yake huyu hakuwa MRSA, yule stafilokoka sugu anayetisha wodi. Erithromaisini haikuwa na duara hata kidogo. Klindamaisini ilikuwa na duara la milimita 24, mviringo kamili, na kwa vigezo tunavyovitumia milimita 21 kwenda juu huhesabiwa kuwa anasikia dawa. Nikaandika hivyo. Kwenye sahani hiyo diski ya erithromaisini ilikuwa upande mmoja na ile ya klindamaisini upande wa pili, na kati yao kulikuwa na diski nyingine mbili.

Mgonjwa alianzishiwa klindamaisini ya kumeza, miligramu 300 kila baada ya saa 6. Homa ilishuka siku ya pili, maumivu yakapungua, na siku ya tatu akaruhusiwa kwenda nyumbani na dawa za kumaliza siku 10. Siku ya tisa alirudi akichechemea. Jipu lilikuwa limejaa upya, na safari hii wekundu ulikuwa umepanda karibu na goti.

Muuguzi aliyempokea alifanya jambo ambalo hakuna mwingine kati yetu aliyekuwa amelifanya: alimwomba amwage dawa zake zote mezani. Zilitoka tembe za klindamaisini zilizosalia, na pamoja nazo karatasi iliyokunjwa yenye tembe sita za rangi nyingine.

"Ndugu yangu, na hizi ni za nini?"

"Hizo ni zile za zamani, sista. Mguu ukianza kuwaka usiku, nameza moja nipate usingizi."

Zilikuwa erithromaisini.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kuchagua klindamaisini, ulikuwa na mantiki kwa taarifa zilizokuwepo. Mgonjwa alisema ana mzio wa penisilini, kwa hiyo flukloksasilini, ambayo ndiyo chaguo la kwanza kwa stafilokoka wa aina hii, iliwekwa kando. Klindamaisini huingia vizuri kwenye usaha na kwenye mfupa, hupunguza utengenezaji wa sumu za stafilokoka, na ripoti yangu ilisema bakteria anaisikia. Simlaumu tabibu. Laiti ripoti ile ingekuwa na mstari mmoja zaidi, angechagua dawa nyingine.

Uamuzi wa pili ulikuwa wangu na ulichelewa kwa siku tisa. Sampuli mpya ilipoletwa, stafilokoka aliyeota alionekana sawa kabisa na wa kwanza isipokuwa kwa jambo moja: duara la klindamaisini lilikuwa limetoweka. Kwa bahati tulikuwa na desturi ya kuhifadhi bakteria wa usaha kwenye friji ya kugandisha kwa miezi mitatu. Nilimtoa yule wa kwanza, nikamwotesha upya, kisha nikapanga diski ya erithromaisini ya mikrogramu 15 na ya klindamaisini ya mikrogramu 2 zikiwa jirani, ukingo kwa ukingo milimita 20. Asubuhi duara la klindamaisini halikuwa duara tena. Upande ulioelekea erithromaisini lilikuwa limenyooka kama limekatwa kwa wembe, na pande nyingine likabaki mviringo, likawa herufi D isiyohitaji maelezo. Ni bakteria yule yule, agari ile ile na dawa zile zile. Kilichobadilika ni umbali kati ya vidiski viwili.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa wodi: kuuchunguza upya ule mzio. Mgonjwa alipoulizwa kwa utaratibu, bila haraka, ilibainika kwamba utotoni alipewa vidonge vya kapsuli akaharisha na kutapika, na mama yake akamwambia asimeze tena. Hakuwahi kuvimba midomo, kuota vipele wala kubanwa pumzi. Alipewa dozi ya majaribio ya amoksilini akiwa chini ya uangalizi, adrenalini ikiwa tayari kando ya kitanda, na hakuna kilichotokea. Jipu lilipasuliwa tena na klindamaisini ikabadilishwa kuwa flukloksasilini, miligramu 500 kila baada ya saa 6 kwa siku 14.

Matokeo

Alipona. Kidonda kilifunga katika wiki ya tatu, na eksirei ya marudio haikuonyesha ugonjwa wa mfupa. Alipoteza zaidi ya mwezi mmoja wa kazi na nafasi yake katika kikundi cha wakataji, hasara ambayo haionekani popote katika faili lake.

Uchambuzi

Swichi iliyo kwenye jeni

Erithromaisini ilianza kuuzwa mwaka wa 1952, na kabla ya muongo huo kwisha stafilokoka sugu kwake walikuwa wameshaonekana. Njia yao kuu ya kujikinga ni jeni za familia iitwayo erm. Jeni hizo hutengeneza kimeng'enya kinachobandika vikundi vya methili kwenye ribosomu, yaani kile kiwanda cha protini ndani ya seli, mahali maalumu panapoitwa adenini 2058. Hapo ndipo erithromaisini hushika. Klindamaisini, ingawa si ndugu yake kikemia, hushika karibu na papo hapo, kwa hiyo kibandiko kimoja huzikataa zote mbili.

Ila kubandika ribosomu kuna gharama. Ribosomu zilizobandikwa hazifanyi kazi vizuri kama zile zisizobandikwa, na bakteria anayezibandika zote wakati wote huachwa nyuma na wenzake pasipo na dawa. Kwa hiyo stafilokoka wengi huibeba jeni hiyo ikiwa imezimwa, na namna inavyozimwa ni ya ustadi wa ajabu. Katika jeni ya ermC, ambayo ndiyo iliyochunguzwa zaidi, RNA mjumbe, yaani nakala ya maelekezo ya jeni, hutengenezwa hata dawa isipokuwepo, lakini hujikunja kama kipini cha nywele na kuficha mahali ambapo ribosomu ingeanzia kusoma maelekezo ya kimeng'enya. Mbele ya mkunjo huo kuna sentensi fupi, maelekezo ya protini ndogo ya asidi amino 19 tu. Ribosomu isiyo na dawa huisoma sentensi hiyo hadi mwisho na kuondoka, mkunjo ukabaki ulivyo. Ribosomu iliyoshikwa na erithromaisini hukwama katikati ya sentensi. Kule kukwama kunaufungua mkunjo, na mwanzo wa maelekezo ya kimeng'enya unafichuka. Hapo ribosomu nyingine, ambayo bado haijashikwa na dawa, inaweza kuja kusoma na kutengeneza kimeng'enya.

Msomaji azingatie hiyo ribosomu nyingine. Ili swichi iwake kunahitajika ribosomu chache zilizokwama na nyingine zilizo huru. Dawa ikiwa nyingi kupita kiasi, zote hukwama na hakuna wa kutengeneza kinga. Dawa ikiwa haipo kabisa, hakuna anayekwama. Ni katikati hapo, kwenye kiasi kilicho chini ya kile kinachozuia bakteria kukua, ndipo jeni inapowaka vizuri zaidi. Klindamaisini peke yake haiiwashi swichi hiyo katika stafilokoka, na ndiyo maana duara langu la kwanza lilikuwa mviringo mzuri wa milimita 24: diski ya erithromaisini ilikuwa mbali, jeni ilikuwa imelala, nami nikausoma usingizi huo kama unyonge.

Tembe mbili kwa siku

Erithromaisini hupungua kwa nusu mwilini kila baada ya saa 2 hivi au chini ya hapo. Mtu anayemeza tembe moja kila saa 12 anakiacha kiwango kilichofikiwa kipungue nusu mara sita, yaani hadi sehemu moja ya 64, kabla ya kumeza nyingine. Hata tukikadiria kwamba alianzia mikrogramu moja kwa mililita ya damu, angefika karibu mikrogramu 0.016. Hesabu hii ni ya kukisia, na ndani ya usaha mambo si sawa na ndani ya damu. Lakini inaonyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya siku, kwa wiki tatu, alikuwa akikaa katika eneo lile lile la kati ambamo swichi ya erm hupenda kuwaka. Mtu aliyetaka kuwafundisha stafilokoka wake asingeweza kupanga ratiba bora zaidi.

Hapa lazima nijizuie nisiseme zaidi ya ushahidi. Tembe hizo hazikuiumba jeni. Bakteria yule bila shaka alikuwa nayo kabla ya panga kuteleza. Zilichofanya ni kuwapa nafasi wale walioibeba, na kuiweka imewaka. Vilevile tembe zile za usiku, zilizomezwa pamoja na klindamaisini, hazitoshi peke yake kueleza kurudi kwa jipu. Stafilokoka wa sampuli ya pili hakuwa na herufi D. Hakuwa na duara lolote, kuwe na erithromaisini jirani au kusiwe nayo. Huyo ni mwenye swichi iliyovunjika ikiwa imewaka: badiliko dogo katika ule mwanzo wa RNA mjumbe, kwa mfano kukatika kwa kipande, huharibu mkunjo na kuuacha mwanzo wa maelekezo wazi daima. Wabadilikaji wa namna hiyo hujitokeza wachache katika kundi kubwa lolote lenye jeni hii, na jipu lina mamilioni mengi ya bakteria. Klindamaisini iliwadhibiti wengine ikawaachia wao uwanja. Naona kuwa tembe za usiku zilisaidia kwa njia ya pembeni: kila zilipoiwasha jeni, wengi zaidi waliishi, na kadiri wengi walivyoishi ndivyo nafasi ya mbadilikaji kutokea ilivyoongezeka. Hilo ni oni langu. Sahani zangu mbili haziwezi kulithibitisha.

Si erm pekee. Mwaka wa 2002 kundi la watafiti wa Kanada, akiwemo Julian Davies, lilitumia maktaba ya bakteria wa Salmonella 6,500 waliotiwa jeni za kutoa mwanga ili kuonyesha ni swichi zipi zinazowaka, na likakuta kwamba kiasi kidogo cha erithromaisini au rifampisini, kisichozuia ukuaji, kilibadilisha utendaji wa hadi asilimia 5 ya swichi hizo. Mwaka wa 2005 ilionyeshwa kwamba kiuavijasumu kiitwacho tobramaisini, kikiwa kidogo, humfanya bakteria Pseudomonas aeruginosa ajenge utando wa kujifichia. Kwa stafilokoka mwenyewe, kiasi kidogo cha dawa za jamii ya penisilini kinaweza kuongeza utengenezaji wa sumu zake, ilhali klindamaisini kidogo huupunguza. Dozi ndogo, kwa hiyo, ni kama habari inayomfikia bakteria, naye huijibu kwa namna inayotegemea dawa yenyewe na jeni alizonazo.

Yaliyofaulu na yaliyoharibika

Kilichotupotosha zaidi ni ule unafuu wa siku za mwanzo. Homa ilishuka kwa sababu jipu lilipasuliwa, na majipu mengi hupona kwa kupasuliwa tu. Sisi tukaihesabia dawa sifa hiyo. Kama mgonjwa angeendelea na homa siku ya tatu, tungeitilia shaka klindamaisini mapema.

Kosa langu lilikuwa la mpangilio. Kanuni ya kuweka diski hizo mbili jirani, kati ya milimita 15 na 26, ni ya zamani na haiongezi gharama hata shilingi moja. Niliziweka mbali kwa sababu ndivyo zilivyokuwa zimepangwa katika kifaa chetu cha kudondoshea diski, na hakuna aliyewahi kuuliza ni kwa nini. Stafilokoka anayekataa erithromaisini na kukubali klindamaisini si lazima awe na erm. Wapo wanaoisukuma erithromaisini nje kwa pampu, na kwa hao klindamaisini ni dawa nzuri, haina hila. Bila diski jirani haiwezekani kuwatenganisha, na ripoti inayotoka bila kipimo hicho ni nusu ya ripoti.

Maneno "dawa za dukani" nayo yalitugharimu. Jina la dawa, idadi ya tembe na siku ya mwisho ya kumeza vingetosha kunifanya niitazame sahani kwa jicho jingine. Ni rahisi kumlaumu mgonjwa, au yule wa duka aliyemhudumia, lakini yule wa duka ndiye peke yake aliyemuuliza swali la mzio na kujaribu kulizingatia jibu. Sisi tulilipokea jibu hilo hilo bila kulichunguza, likatunyima dawa bora tangu siku ya kwanza.

Yaliyofaulu ni machache na ya kawaida: muuguzi aliyeomba dawa zimwagwe mezani, friji iliyomhifadhi bakteria wa kwanza, na tabibu aliyekubali kurudi nyuma. Bila yule wa kwanza tungebaki na sampuli ya pili tu, na pengine tungeamini kwamba mgonjwa aliambukizwa na bakteria mpya wodini.

Miezi minne baadaye alikuja na kijipu kidogo kwapani, kisichohitaji dawa. Tulichukua usufi wa pua. Aliota stafilokoka, erithromaisini haikuwa na duara, na diski zikiwa jirani safari hii, klindamaisini ilitoa tena ile herufi D. Yule mwenye swichi iliyovunjika hakuonekana.